Kufungua Kapo Baada ya Amina

Wiki ya tatu sasa kucha zangu ni nyeupe. Bibi yangu Faida anaziangalia wakati wa kula na kucheka peke yake. Anasema ameolewa mara ya pili, safari hii na mwalimu. Miaka zaidi ya thelathini mikono hii ilikuwa ndani ya mafuta: kwanza Bukavu, kiisha Lilongwe kule Kawale, na miaka ya mwisho hapa kambini Dzaleka. Magoti yalipokataa, na macho yakakataa, sikubishana nayo. Nilivua ovaroli nikaikunja, basi.

Ninyi mnaobaki garajini mliniomba niwaandikie namna ya kupanga presha ya esansi, petroli yenyewe, kwenye injini zilizobadilishwa. Mnasema nikieleza kwa mdomo nakasirika upesi. Ni kweli. Karatasi inanivumilia kuliko ninyi. Basi nimeandika, lakini nimechanganya na mambo mengine, maana mi sijui kueleza visi, ile skrubu ya kupangia, bila kumweleza mtu aliyenifundisha kuikaza. Na kuna jambo moja la Mama Neema ambalo mnalijua nusu. Nusu ile nyingine nilikuwa naificha.

Siku ya kwanza ya kazi, Bukavu, nilivaa shati safi. Metre Chiruza, mwenye garaji, aliniangalia toka juu mpaka chini akanipa brashi ya waya na debe la mazutu, yaani dizeli, akasema nioshe bolti. Niliosha bolti miezi mitatu. Yeye alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, na hakuwa na chombo hata kimoja cha kupimia. Alipoona sijakimbia, siku moja alinishika mkono, akabananisha vidole vyangu viwili kwenye tiyo ya mpira inayopitisha esansi, injini ikiwa inawaka.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia nini, Metre?"

"Kama hausikie, rudilia bolti zako."

Nilirudia bolti. Baadaye nikaanza kusikia. Tiyo inapiga kidogo kidogo chini ya vidole, na ukizoea unajua kama pompi inachoka au haichoki. Kwa gari za kabureta za wakati ule, kidole kilitosha. Nilitoka Bukavu nikiamini kwamba kidole kinatosha kwa gari zote za dunia.

Namna nilivyofika Malawi sitaieleza. Wengi wenu mlipita njia ile ile, na wengine mlipita mbaya zaidi. Nasema tu kwamba nilifika Dzaleka bila hata bisibisi, na baada ya muda nikapata kazi Kawale, kwa Bambo Phiri, Mmalawi mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Siku ya kwanza aliniletea gari inayotoa moshi mweusi. Nikafungua kapo, yaani ile Wamalawi wanaita boneti, nikabana tiyo kwa vidole, nikafumba macho kama Metre Chiruza. Nilipofumbua, Bambo Phiri alikuwa amesimama mbele yangu na geji mkononi.

"Chala si geji, iwe," akasema. Kidole si geji, wewe.

Nilikasirika wiki nzima. Lakini geji ilionyesha kwamba kidole changu kimekosea karibu nusu ya presha, na mbele ya namba mtu hana la kusema. Geji ile ilikuwa na duara mbili. Ya ndani ilikuwa ya bar, ambazo sisi wa shule ya Kifaransa tunaziita kilo. Ya nje ilikuwa ya paundi. Mimi nilisoma ya ndani, yeye ya nje. Nikisema tatu, yeye anasema arobaini na tatu, tunabishana mpaka wateja wanaondoka kwenda kunywa chai, kumbe tunasema kitu kimoja. Mwishowe alichora alama ya rangi nyekundu juu ya kioo, kwenye kilo tatu, na toka siku hiyo hakuna aliyetaja namba. Tulisema tu "kwenye nyekundu".

Kazi ngumu ya kwanza tuliyofanya pamoja ilikuwa gari ndogo ya kijana wa Area 23. Alikuwa ameitolea pompi yake ya esansi, akaweka pompi ya gari kubwa, maana rafiki zake walimwambia esansi nyingi ni nguvu nyingi. Gari ilikuwa inanuka kama kituo cha mafuta na inakunywa kama ngamia. Tukafungua visi ya regulateri, kile kifaa kinachotawala presha, tuishushe. Haishuki. Tukafungua tena. Haishuki. Siku mbili nzima mi nazungusha visi ile na kuitukana kwa Kishi, lugha ya kwetu, kijana amesimama nyuma yangu anapumua shingoni mwangu. Nikamwambia regulateri imekufa, anunue nyingine. Akanunua. Ile mpya nayo haikushuka, nikaona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Siku ya tatu Bambo Phiri aliinama chini ya gari, akauliza swali moja tu: esansi inarudi tenki kupitia wapi? Hapo njo nilielewa. Regulateri haishushi presha kwa uchawi. Inafungua mlango ili esansi ya ziada irudi nyuma. Pompi ilikuwa kubwa, na tiyo ya kurudi ilikuwa ile ya zamani, nyembamba kama kalamu. Unaweza kufungua mlango mpaka mwisho. Kama barabara ya kurudi ni nyembamba, umati utabaki mlangoni. Tukaweka tiyo nene, sindano ya geji ikashuka kwenye nyekundu saa ile ile. Kijana akacheza pale pale uwanjani. Kwa hiyo, ninyi, kabla ya kugusa visi, angalieni njia ya kurudi. Mkisahau yote niliyoandika hapa, hilo moja mlishike.

Sasa nikuje kwa tiyo nyingine, ndogo, maana njo hiyo iliyotaka kuniua.

Juu ya kichwa cha regulateri kuna tiyo ndogo ya hewa, nene kama kidole cha mtoto, inayotoka kwenye mapafu ya injini. Kazi yake ni kuiambia regulateri namna injini inavyopumua. Injini ikipumua polepole, tiyo ile inavuta, presha inashuka. Kwenye injini ya turbo, ukikanyaga, turbo inasukuma hewa nyingi, tiyo nayo inasukuma, presha inapanda, esansi inaongezeka kuifuata hewa. Lakini unapopanga presha ya msingi lazima uitoe tiyo hiyo, uizibe, uzungushe visi mpaka kwenye nyekundu, ukaze nati, kiisha uirudishe. Mi niliiziba kwa bolti fupi iliyokuwa inakaa siku zote kwenye mfuko wa shati langu. Kazi ikiisha, bolti inarudi mfukoni. Mfuko ukiwa mtupu, kuna tiyo mahali fulani imezibwa.

Ukisahau kuirudisha, gari itawaka vizuri. Itatembea vizuri. Mtu atakushukuru na kwenda. Halafu atabeba mzigo, atakanyaga sana ili apite lori, turbo italeta hewa nyingi, na esansi itabaki ile ile. Moto ndani unakuwa mkali, pistoni inayeyuka, injini inakufa pale pale. Na pale pale maana yake ni kwenye upande usio wako wa barabara, lori moja kando yako na lingine linakuja mbele.

Pale Kawale tulikuwa mafundi wanne, watatu Wakongomani, na tulikuwa na desturi yetu. Gari ikimalizika, kapo inafungwa, mwenye gari na mafundi wanaweka mikono juu yake, mmoja anaomba. Ikisemwa Amina, imesemwa. Hakuna kufungua kapo tena. Kufungua baada ya Amina kulikuwa kama kumwambia Mungu hatukumwamini. Sijui nani alianza. Wateja wetu walipenda sana, na mi nilipenda kuliko wote. Bambo Phiri aliomba nasi kofia mkononi, lakini Amina ikiisha kusemwa alikuwa anafungua kapo na kuangalia mara ya mwisho. Mimi nilimcheka. Siku moja nilimwambia mbele ya wateja, "Bambo, imani yako iko na miwani." Watu walicheka sana. Yeye alifunga kapo, akasema zikomo, yaani asante, akaenda zake.

Mama Neema mnamjua. Ni mtu wa Uvira, mjane, shemasi wa kanisa, na sauti yake mnaijua pia. Wakati ule alikuwa na kigari cha mizigo kilichokuwa kinaleta nyanya toka Nathenje mpaka soko la Dzaleka, na mtu akiugua upande wao wa kambi, kigari hicho njo kilimpeleka hospitali. Injini yake ilipokufa, soko lilikaa bila nyanya na yeye alikaa bila kazi. Batoto bake wanne walisoma kwa kigari kile. Alitafuta injini kama ile akaikosa. Iliyopatikana ilikuwa injini ya turbo, iliyotoka kwenye gari iliyopinduka, ya nguvu karibu mara mbili. Akaniambia, "Papa Ombeni, ingiza hii hii. Mi sitakimbia."

Tuliiingiza. Tulikata vyuma, tukachomelea, tukabadili pompi, tukaweka regulateri ya kupangwa kwa mkono yenye geji yake juu. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe. Siku ya mwisho asubuhi Bambo Phiri alikuwa amekwenda kwenye maliro, msiba wa jirani. Nilibaki mimi na presha ya esansi tu. Nikatoa tiyo ndogo, nikaiziba kwa bolti yangu, nikazungusha mpaka kwenye nyekundu, nikakaza nati.

Mama Neema akafika wakati huo huo, na Faida nyuma yake. Bibi yangu alikuwa ameomba lifti: waende wote Nathenje wapakie nyanya, kiisha apelekwe Dzaleka kumwona dada yake.

"Imeisha?" Mama Neema akauliza.

"Imeisha, bado tu..."

"Asifiwe Mungu! Tuombe, jua iko inapanda, nyanya zitaniozea." Akashusha kapo mwenyewe, pwa! Akaweka mikono miwili juu yake na kufumba macho. "Baba yetu wa mbinguni..."

Nani anamkata shemasi katikati ya sala? Nikaweka mkono wangu juu ya kapo, nikajiambia nitamalizia akimaliza. Lakini Mama Neema hamalizi upesi. Aliombea tairi moja moja. Aliombea bauza nyanya, polisi wa barabarani, mvua, wajane wote wa Dzaleka, na serikali ya Malawi. Alipofika kwangu alisema, "Bariki mikono ya mufundi huyu, mikono isiyosahau kitu." Nilijisikia mkubwa. Nikasema Amina kwa nguvu kuliko wote.

Sasa nawaambia ile nusu niliyokuwa naificha. Walipoingia ndani ya gari nilipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Mfuko ulikuwa mtupu. Mkono ulijua. Kichwa kikasema labda bolti imeanguka chini, utaitafuta baadaye. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wamesimama, Amina imesemwa, na mimi njo yule niliyemcheka Bambo Phiri. Ningefunguaje kapo? Nilipunga mkono. Faida naye alipunga mkono. Gari ikatoka, sauti tamu kabisa.

Niliitafuta bolti chini ya meza. Niliitafuta kwenye mchanga, nikapiga magoti na sumaku, nikafagia uwanja wote. Haiko. Kila mahali nilipoikosa, niliiona vizuri zaidi mahali ilipo. Nikampigia Mama Neema. Hapokei simu akiwa anaendesha, ni sheria yake. Nikampigia Faida. Simu ikalia nyuma yangu, juu ya rafu, kwenye chaji. Nilikaa chini kwenye tairi, nikasema kwa sauti, "Ombeni, umemuua bibi yako."

Halafu nikafikiri kama fundi, namshukuru Mungu kwa hilo. Gari tupu, mikononi mwa mama anayeogopa injini mpya, haitafanya kazi ya turbo sana. Hatari itakuja ikiisha kubeba nyanya, wakati wa kurudi, malori yakiwa mengi barabarani. Kama nitawafikia kabla hawajamaliza kupakia, hakuna kitakachotokea. Nikachukua bisibisi na koleo, nikatoka mbio mpaka kwa wenye kabaza.

"Nathenje," nikamwambia wa kwanza. Akaangalia mikono yangu, akaangalia pikipiki yake aliyotoka kuiosha. Nikapanda tu, akaelewa kwamba maongezi yamekwisha.

Safari ile sitaki kuikumbuka. Kila gari iliyosimama kando ya barabara ilikuwa ni wao. Kila mkusanyiko wa watu ulikuwa ni wao. Niliomba, lakini sikupata maneno. Nilikuwa nasema tu "bado, bado, bado", na mwenye kabaza akadhani namwambia yeye, akaongeza moto. Nilijua kwamba Faida akifika salama mi sitadai kitu kingine duniani. Naandika hivi wazi kwa sababu nilihisi hivyo, na mtu aliyezeeka haoni haya.

Tukafika. Kigari kilikuwa kimesimama karibu na soko, mlango wa nyuma wazi, maboksi ya nyanya yamefika nusu. Faida alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachagua nyanya za nyumbani, anabishana na muuzaji kwa Chichewa chake kibaya. Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia, kwetu mtu hamkumbatii bibi yake sokoni, na mafuta niliyokuwa nayo yangeharibu kitenge chake. Nilisimama tu, bisibisi mkononi.

Mama Neema akaniona. "Papa Ombeni! Kuko nini?"

Na hapo, batoto bangu, baada ya safari ile yote, bado nilitaka kudanganya. "Hapana, nimepita tu," nikasema. "Niangalie oili."

"Umepita Nathenje? Na kabaza? Ju ya oili?"

Wauza nyanya wakacheka. Faida hakucheka. Ananijua. Alisimama toka kwenye ndoo akaniangalia usoni, na mi nikaona ni bure. Mficha uchi hazai.

"Mama Neema," nikasema, "kuko tiyo nilisahau. Nilijua, ao nilishuku, mbele hamujatoka. Niliona haya kufungua kapo sababu Amina ilikuwa imesemwa. Ungepita lori na mzigo, motere ingekufa mukiwa katikati ya barabara. Nisamehe."

Soko halikunyamaza, soko halinyamazi. Mama Neema alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, polepole, kama mtu anayejizuia kupiga.

"Ku kale kamulima ka kule nyuma," akasema, "nilikanyaga kidogo. Ikaanza kulia ta-ta-ta, kama mahindi kwa sufuria. Nikaogopa, nikatoa mguu. Nikamwambia Mama Ombeni, hii motere ina kiburi, tutaenda naye polepole."

"Ni kweli, aliniambia," Faida akasema.

Sauti ile ya mahindi njo injini inavyolia kabla haijayeyuka. Mguu wake mwoga uliokoa yote. Nilijisikia mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

"Bibi yako alikuwa ndani ya gari," Mama Neema akasema, "njo maana umekuja mbio."

"Ndiyo, Mama."

"Na kama hangekuwa ndani?"

Swali hilo lilinipiga. Aliliuliza bila kupaza sauti, na Mama Neema asiyepaza sauti ni mtu mwingine kabisa. Ningeweza kusema ningekuja vile vile. Wanaume wengi wangesema. Faida alikuwa ananiangalia.

"Ningekuja," nikasema. "Lakini ningetafuta bolti saa moja zaidi. Kiisha ningengoja Bambo Phiri atoke ku maliro, nimuulize yeye."

"Saa ile tungekuwa tayari tunarudi na mzigo."

"Ndiyo. Mungekuwa munarudi."

Aliitikia kwa kichwa. "Umesema kweli. Fungua."

Nilifungua kapo mbele ya watu wote. Tiyo ndogo ilikuwa pale, mdomo wake umezibwa kwa bolti yangu, kama nilivyoiacha. Niling'oa bolti. Lakini kuivisha tiyo kwenye regulateri sikuweza: mikono ilitetemeka, mara ya kwanza katika kazi yangu yote. Nilijaribu mara tatu. Mama Neema akanisukuma kwa kiwiko, akaingiza mkono wake mwenyewe, mkono wenye udongo wa nyanya.

"Hapa?"

"Hapo. Sukuma mpaka mwisho."

Akasukuma. Nikawasha injini, na sindano ya geji, iliyokuwa imesimama kwenye tatu, ikashuka kidogo chini yake. Njo namna inavyotakiwa: tiyo inavuta, regulateri inasikia. Nikakanyaga kwa mkono, sindano ikapanda. Nikaachia, ikashuka. Nilifanya hivyo mara sita bila sababu, kwa raha tu ya kuiona. Nilicheka kwa sauti, machozi yakanitoka, wauza nyanya wakasema Mkongomani amekuwa kichaa. Faida alinifuta uso kwa pindo la kitenge chake, hakujali mafuta.

Tulirudi wote. Mi nilikaa nyuma, juu ya maboksi, sikio karibu na chuma. Kabla ya kuingia mjini tulikuta lori la matofali linapanda kilima. Mama Neema alipiga honi, nikashika kamba kwa mikono miwili. Akakanyaga, turbo ikapiga mluzi, na mahindi hayakulia hata punje moja. Lori likabaki nyuma. Nilisikia Mama Neema ndani anaimba, na Faida anaitikia sauti ya pili.

Bambo Phiri nilimweleza yote kesho yake. Nilingoja anicheke, nilistahili. Hakucheka. Alisafisha miwani yake, akaniuliza kama tiyo ilikuwa na ufa mahali bolti ilipobana, maana mpira ukikaa na bolti muda mrefu unapasuka. Sikuwa nimeangalia. Tukampigia Mama Neema simu arudi, tukaweka tiyo mpya. Toka siku hiyo tunaomba kapo ikiwa wazi, na Amina ikiisha kusemwa fundi anapita kila tiyo kwa mkono kabla ya kufunga. Mafundi wenzangu Wakongomani walikataa wiki moja, mpaka Mama Neema alipokuja mwenyewe akawaambia, "Mungu haogopake kapo wazi. Ni bantu njo banaogopa." Hakuna aliyebishana naye.

Baadaye wakimbizi tuliambiwa turudi kambini, nikarudi Dzaleka na sanduku la vyombo. Bambo Phiri aliniachia ile geji yenye alama nyekundu. Sasa mnayo ninyi, msiiangushe. Pale sokoni nilikuta wengine wenu tayari mnatengeneza magari kwa kidole, nami nikawatukana vya kutosha. Mengine mnayajua.

Watu wananiuliza kama nakumbuka kazi. Hapana. Nilipenda kazi yangu, lakini hamjui uzito wa kusikia gari inapita barabarani na kujiuliza: ile, nilikaza? Ile, nilirudisha tiyo? Nani yumo ndani, na je, kama si mtu wangu, ningekimbia? Swali hilo niliulizwa mara moja tu, kule Nathenje, lakini nililijibu kila jioni, gari kwa gari, mpaka siku nilipokunja ovaroli.

Jumamosi iliyopita kigari cha Mama Neema kilipita hapa mbele ya nyumba kinakwenda Nathenje. Faida alikuwa ndani, ndoo kwenye magoti. Juzi yake ninyi ndio mlipanga presha ya esansi, na mi sikuja kuangalia. Kilipofika kwenye kilima nilisikia turbo inapiga mluzi. Faida alinipungia mkono dirishani. Nikampungia, kiisha nikaendelea kunywa chai.